Mtangazaji anataka "hela ya kusukuma" wimbo wa mdogo wangu. Nilipe?

SWALI

Kwako Mshauri, salaam.

Ninasimamia kazi za mdogo wangu, mwimbaji wa miaka 22. Nyimbo zake mbili za mwanzo hazikusikika redioni kabisa. Huu wa tatu niliupeleka vituo saba wiki sita zilizopita. Sita vimekaa kimya. Kutoka kile cha saba, kikubwa kuliko vyote, alinipigia mtangazaji wa kipindi cha jioni. Akasema wimbo ni mzuri ila "haujasukumwa".

Anataka nimlipe kila mwezi kwa miezi mitatu, na malipo ya mwezi mmoja yanalingana na gharama yote tuliyotumia studio. Kwa malipo hayo wimbo utapigwa mara mbili kwa siku. Kama fedha taslimu ni ngumu, anasema aandikwe mtunzi mwenza kwa asilimia 25. Juu ya hapo mdogo wangu aimbe bure kwenye tamasha la kituo. Fedha ziende kwenye namba yake ya simu, na "mambo haya hatuandikiani".

Wiki iliyopita nilimtumia kiasi kidogo alichokiita hela ya mafuta. Wimbo ukapigwa mara moja, saa tisa usiku. Mameneja wenzangu wananiambia ndivyo mchezo ulivyo, asiyetoa hapigwi. Mdogo wangu ananiuliza kila siku kwa nini wenzake wanasikika naye hasikiki. Nilipe? Nisaini ile asilimia? Na hiki nilichokwisha kutuma kinaniweka wapi?

Kaka Msimamizi

JIBU

Kaka, usitume senti nyingine, na usisaini karatasi yoyote inayogusa utunzi wa wimbo. Hayo mawili ni ya leo. Mengine yanaweza kusubiri usome barua hii hadi mwisho, kwa sababu yana utaratibu wake na ukiyafanya kinyumenyume utajiumiza.

Ulichoombwa ni payola, hongo ya kupigiwa wimbo. Wengi hudhani kosa liko kwenye fedha. Kosa liko kwenye kuficha. Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa hadharani kuliko kwingine, bunge lilibadilisha sheria ya mawasiliano mwaka 1960 baada ya vikao virefu vya kuwahoji watangazaji. Sheria ile haikukataza mtu kulipia muda wa hewani. Ilidai msikilizaji aambiwe palepale hewani kwamba anachokisikia kimelipiwa, na kwamba anayetoa au kupokea malipo ya chini kwa chini aripoti kwa kituo. Anayekaidi anaweza kutozwa faini hadi dola 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na inawabana wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Nchi unakofanyia kazi ina sheria zake za utangazaji na za kuzuia rushwa, na lazima uzisome. Ila kipimo cha kwanza unaweza kukitumia sasa hivi: je, huyu bwana anaweza kusema kwenye kipaza sauti, "wimbo huu umelipiwa na meneja wake"? Kama hawezi, unajua umeombwa nini. Kauli yake ya "hatuandikiani" ni jibu tosha.

Sasa tazama bidhaa yenyewe, maana hata mtu asiyejali sheria angepaswa kujali kama anauziwa mbuzi kwenye gunia. Fanya hesabu ya mfano. Saa moja ya redio ina dakika 60. Toa dakika 12 za matangazo ya biashara, 5 za habari, 8 za mazungumzo na simu za wasikilizaji. Zinabaki 35, ambazo ni nyimbo 10 za dakika tatu na nusu. Kipindi cha saa tatu, basi, kina nyimbo 30. Kituo kinachotaka watu wasihame masafa hujaza nyingi kwa nyimbo ambazo tayari zinajulikana. Ikiwa moja katika kila tano ni mpya, kipindi kizima kina nafasi sita za nyimbo mpya, na tatu au nne kati ya hizo zitakwenda kwa wasanii wakubwa ambao kituo kingewapiga hata bila kuombwa. Mtangazaji amebaki na nafasi mbili tatu za kuuza. Wewe kakuahidi mbili kila siku kwa miezi mitatu. Jiulize kawaahidi wangapi wengine hizohizo.

Kuna swali lingine muhimu zaidi: nani anapanga nyimbo pale? Katika vituo vingi vikubwa mtangazaji hachagui wimbo hata mmoja. Mkuu wa muziki na mkurugenzi wa vipindi hukaa kila wiki, wanaamua nini kiingie, nini kitoke, na kila wimbo uwe kwenye mzunguko upi: mzito unaopigwa mara nyingi kwa siku, wa kati, au mwepesi. Kisha programu ya kompyuta inapanga saa kwa saa. Mtangazaji anaikuta orodha tayari imekaa. Nafasi yake ya kuchomeka wimbo ni finyu, na akizidisha orodha itamwonyesha. Kwa hiyo huenda huyu anauza shamba lisilo lake. Piga simu mapokezi ya kituo, uliza kwa upole: "Wimbo mpya unapelekwa kwa nani, na kikao cha muziki ni siku gani?" Jibu la swali hilo lina thamani kuliko ahadi zake zote.

Ule mpigo wa saa tisa usiku unaeleweka vizuri kwa mtu anayeijua kazi hii. Usiku wa manane hakuna mtangazaji wala bosi anayesikiliza, orodha ni legevu, na wimbo ukichomekwa haumsumbui mtu. Kwenye karatasi ni mpigo kamili. Hila hii ilikuwa biashara kubwa. Uchunguzi uliofanywa na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Eliot Spitzer, kuanzia mwaka 2004 ulionyesha kampuni za rekodi zikinunua muda wa matangazo, nyakati nyingi usiku, na kuujaza kwa wimbo mzima ili mitambo inayohesabu ihesabu na wimbo upande kwenye chati. Walilipa pia watu wa kupiga simu vituoni wakijifanya wasikilizaji wanaoomba wimbo. Sony BMG ilikubali kulipa dola milioni 10 Julai 2005, Warner milioni 5 mwaka huohuo, Universal milioni 12 mwaka 2006. Hao walikuwa na fedha za kununua usiku mzima, na shabaha yao ilikuwa chati. Wewe huna chati unayoiwinda. Unawinda masikio, na saa tisa usiku masikio yamelala.

Tuje kwenye asilimia 25. Hili ndilo linalotutisha kuliko fedha taslimu, na tunaomba ulisome mara mbili.

Mgawo wa utunzi haupotei miezi mitatu ikiisha. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka mingi baada ya kifo chake: mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka isipungue miaka 50, na nchi nyingi zimefika 70. Mdogo wako ana miaka 22. Akiishi hadi 75, unazungumzia zaidi ya miaka 100 ambamo robo ya kila mrabaha wa utunzi inakwenda kwa mtu ambaye hakuandika neno wala noti. Na haiishii redioni. Wimbo ukitumika kwenye filamu au tangazo la biashara, robo yake. Msanii mwingine akiurudia, robo yake tena. Pengine atadai pia aombwe ruhusa kabla wimbo haujatumika popote, kwa kuwa mtunzi mwenza ni mwenye mali mwenza. Fedha ya kila mwezi inauma, lakini ina mwisho.

Mfano wake ni wa zamani na unajulikana. Mwaka 1955 Chuck Berry, mwanamuziki wa rock and roll wa Marekani, alitoa wimbo "Maybellene", na kwenye orodha ya watunzi yakaonekana majina mawili zaidi, moja likiwa la Alan Freed, mtangazaji mashuhuri kuliko wote wa muziki ule. Freed aliupiga wimbo kwa nguvu zote. Berry alirudishiwa utunzi wake wote mwaka 1986, miaka 31 baadaye, akiwa tayari mtu maarufu mwenye mawakili. Msanii mdogo hana miaka 31 ya kusubiri wala mawakili.

Kinga yake ni karatasi moja. Leo hii kaeni chini wewe, mdogo wako na prodyuza, pamoja na yeyote aliyechangia mashairi au melodi. Andikeni majina kamili, nani kafanya nini, na asilimia ya kila mmoja. Jumla lazima iwe 100, isiwe 95 wala 110. Hesabu ikipishana hata kidogo, taasisi ya kukusanya mirabaha huweka fedha pembeni mpaka mkubaliane, na kuna nyimbo zilizokwama hivyo kwa miaka. Wote wasaini, tarehe iandikwe, kila mmoja abaki na nakala. Kisha sajili wimbo kwenye taasisi hiyo. Ukishamaliza, mtu akikuomba asilimia una la kumjibu lisilo na ubishi: mgawanyo umefungwa na umesajiliwa.

Kuhusu tamasha. Kuimba bure kwa hiari si kosa, na jukwaa kubwa lina faida yake. Kinachoharibu ni neno "la sivyo". Nafasi ya wimbo hewani ikifungwa kwenye onyesho la bure, onyesho limegeuka malipo. Februari 2025 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa onyo rasmi kwa vituo juu ya jambo hilihili, kwamba kumpa msanii au kumnyima nafasi ya kupigwa kwa kuangalia kama amekubali kuimba bure au kwa malipo pungufu kunaweza kuvunja sheria ya payola. Mwaliko ukija, jibu kwa waandaaji wa tamasha wenyewe, omba barua yenye malipo au angalau nauli, vyombo na fundi sauti, na usiutaje wimbo ndani ya mazungumzo hayo.

Mameneja wenzako wanasema kila mtu anatoa. Wengi wanatoa, hatutakudanganya. Lakini waulize swali la pili: wimbo uliolipiwa ulidumu muda gani baada ya malipo kukoma? Wimbo wa hongo huanguka siku ileile mkono unapofungwa, kwa sababu hakuna msikilizaji aliyeuomba. Hapo utashauriwa ulipe tena, na wimbo unaofuata bei inaanzia juu, maana umeshajulikana kuwa mlipaji. Hata waliokuwa na mifuko mirefu walichoka. Mwaka 1986, baada ya televisheni ya NBC ya Marekani kurusha taarifa kuhusu mapromota wa kujitegemea waliokuwa wakilipwa mamilioni kusukuma nyimbo, kampuni kubwa za rekodi ziliwasimamisha kwa haraka, na mojawapo ya sababu ni kwamba gharama ilikuwa imewashinda. Na anayepokea hasalimiki pia. Freed, yule wa "Maybellene", alifukuzwa kituo cha redio cha WABC Novemba 1959 alipokataa kusaini karatasi ya kusema hajawahi kupokea. Mwaka 1962 alikiri makosa mawili ya hongo ya kibiashara na kutozwa faini ya dola 300. Faini ilikuwa ndogo, lakini kazi yake ilikuwa imekwisha, na alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 43.

Sasa kile ulichokwisha kutuma. Usikidai kirudishwe, na usimwambie "nirudishie au nitakusema". Kutishia kumfichua mtu ili akupe kitu ni kosa jingine, na unaweza ukatoka kuwa mdai ukawa mshtakiwa. Usifute ujumbe wala risiti ya muamala. Kwenye daftari la mapato na matumizi iandike kama ilivyo: tarehe, kiasi, imekwenda kwa nani, aliiitaje. Usiiite "matangazo" wala "usafiri". Uongo wa vitabu ndio uliowaumbua wengi katika uchunguzi wa New York. Kulikuwa na zawadi za wafanyakazi wa redio zilizoandikwa kuwa zimekwenda kwa washindi wa mashindano ambao hawakuwapo. Kisha tafuta mwanasheria kwa mazungumzo ya saa moja kabla hujaripoti popote. Kiasi ni kidogo, ni cha mara moja na umeacha, lakini katika sheria nyingi mtoaji naye ni mkosaji, na unahitaji kujua umesimama wapi kabla hujafungua mdomo.

Ukishasajili wimbo, mtumie mtangazaji ujumbe huu, kwa maandishi, bila hasira:

"Habari za leo. Asante kwa kuusikiliza wimbo. Sisi hulipa kituo pekee, kwa ankara yenye jina la kituo na akaunti yake, na tunaomba malipo ya aina hiyo yatajwe hewani kama tangazo. Kama utaratibu huo upo, naomba orodha ya bei kutoka idara ya mauzo. Kama haupo, tunaomba wimbo upimwe kama nyimbo nyingine. Utunzi umeshasajiliwa na mgawanyo wake hautabadilika."

Hapo hujamtuhumu, hujamtukana, na umemwachia mlango wa heshima. Mara nyingi anayetaka chake mfukoni hunyamaza. Akikupigia simu badala ya kujibu, msikilize, kisha mwandikie muhtasari: "Kama tulivyozungumza leo saa nane, umesema hivi na hivi, nami nimesema tunalipa kituo pekee." Usirekodi simu kwa siri kabla mwanasheria hajakwambia kama sheria yenu inaruhusu.

Baada ya hapo kazi halisi ndiyo inaanza, na tunashuku ndiko ulikokwama tangu mwanzo. Vituo sita vimekaa kimya. Kabla hujaamini kwamba vyote vinasubiri bahasha, hakikisha ulichowapelekea kinaweza kupigwa.

Anza na faili. Toleo la redio liwe la dakika tatu hadi tatu na nusu, na sauti ya mwimbaji iingie ndani ya sekunde 15 za mwanzo. Utangulizi wa nusu dakika hukatwa na mkuu wa muziki kabla hajasikia kiitikio. Lisiwe na matusi hata moja. Peleka WAV ya kilohezi 44.1 na biti 16, pamoja na MP3 ya kilobiti 320 kwa anayesikiliza kwenye simu. Jina la faili liwe msanii na wimbo, kwa sababu faili linaloitwa "mpya ya mwisho 2" likishapakuliwa halipatikani tena. Ndani ya faili jaza msanii, wimbo, watunzi na ISRC, ile namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Bila hiyo, hata ukipigwa, ripoti ya kituo inaweza isikutambue na mirabaha ikaenda isikojulikana.

Halafu sikiliza sauti yenyewe. Kituo kina mtambo wake wa kubana sauti, yaani kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, kabla haijafika mnarani. Wimbo ambao prodyuza alikwisha kuubana mpaka mwisho ili usikike kwa nguvu, ukibanwa tena hewani hutoka umechoka, ngoma zimelala na sauti ya mwimbaji ina mikwaruzo. Mwombe prodyuza nakala iliyobanwa kidogo. Kisha uusikilize kwenye spika moja, si kwenye hedifoni. Kuna athari za kupanua sauti kulia na kushoto ambazo zikiunganishwa kwenye redio ndogo hufutana, na sauti ya mwimbaji inabaki kama inatoka chumba cha pili. Jaribio hili ni la dakika tano na mameneja wachache mno hulifanya.

Ujumbe wa kuambatanisha uwe mistari mitano: msanii ni nani, wimbo unahusu nini, unafaa kipindi gani cha kituo hicho kwa jina, ushahidi mmoja kwamba watu wanaupenda, na mawasiliano. Ushahidi usiwe "unatamba mitandaoni". Uwe namba: wangapi wameuhifadhi, wangapi wameutafuta kwa Shazam, programu ya simu inayotambua wimbo unaosikika, na wanatoka mji gani. Mkuu wa muziki akiona watu wa mji anaowarushia matangazo wanauulizia wimbo, umempa sababu ya kuutetea kikaoni. Ndicho kitu ambacho mtangazaji wa jioni hawezi kumpa.

Usiwe na vituo saba vikubwa. Chagua 20, na zaidi ya nusu viwe vidogo: vya jamii, vya vyuo, vya mtandaoni. Huko orodha ni wazi zaidi na mtangazaji mara nyingi anachagua mwenyewe. Sikiliza kila kipindi angalau mara mbili kabla hujapeleka wimbo. Fuatilia siku ya saba, kisha ya 21, kisha acha mpaka uwe na habari mpya. Anayepiga simu kila siku huzuiwa namba. Ukipata kituo kidogo kinachoupiga kwa wiki nne mfululizo, kiandike kwenye ujumbe wa kituo kinachofuata.

Kama una bajeti, ipo njia safi ya kuitumia. Nunua tangazo la sekunde 30 lenye kiitikio, lipite kama tangazo, au dhamini sehemu ya kipindi na jina litajwe. Linapitia idara ya mauzo, una ankara, una mkataba unaoonyesha saa na idadi. Lisipopita, unadai. Kwa huyu bwana wa jioni huna cha kudai wala pa kudai.

Ukija kuajiri promota, mlipe kwa kazi anayoifanya: kupeleka, kufuatilia, kuripoti. Usikubali bei ya "kila kituo kitakachoupokea wimbo". Malipo ya namna hiyo yalizoeleka sana Marekani, promota akilipa kituo kwa mwaka kisha akiitoza kampuni ya rekodi kila wimbo ulipoingia kwenye orodha, hadi Clear Channel, mmiliki mkubwa wa vituo, ikatangaza mwaka 2003 kuvunja mikataba hiyo. Promota anayelipwa kwa kila kituo ana kila sababu ya kukunja noti mkononi kwa jina lako. Weka kwenye mkataba kwamba haruhusiwi kumpa mfanyakazi wa redio fedha au zawadi, na kwamba utalipa gharama zenye risiti tu.

Kuripoti ni uamuzi wako na hatutakusukuma. Ukiamua, baada ya kuonana na mwanasheria, peleka maandishi kwa mmiliki au mkurugenzi mkuu wa kituo, usianzie kwa bosi wa karibu ambaye huenda anapata mgawo. Zaidi yake yupo mdhibiti wa utangazaji na chombo cha kupambana na rushwa. Mtu mmoja huitwa mwenye chuki kwa sababu wimbo wake haukupigwa. Mameneja watatu wenye tarehe na risiti husikilizwa. Hao wenzako wanaolalamika pembeni, waulize nani yuko tayari kuandika jina lake.

Na ukifika huko, sema pia kuhusu mshahara. Vipo vituo vinavyomweka mtu hewani saa tatu kila jioni bila malipo ya maana, vikijua fika kwamba atajitafutia kwa wasanii. Mmiliki wa namna hiyo amehamishia mishahara yake kwenye mifuko ya watu kama mdogo wako, na kumfukuza mtangazaji mmoja hakutabadilisha chochote kama anayefuata ataajiriwa kwa masharti yaleyale.

Mdogo wako mweleze yote, pamoja na ile hela ya mafuta. Jina lililo hatarini ni lake. Mwonyeshe hesabu ya nyimbo 30 na nafasi mbili tatu, ili ajue ukimya wa redio haujampima sauti. Kisha mpe kazi: yeye mwenyewe aandike ile mistari mitano ya ujumbe, na asikilize toleo la redio kwenye spika moja kabla halijatoka.